Chai Iliyokwisha Kuchemka

...moja mbili, moja mbili, fundi anagonga kipaza sauti na kipaza sauti kimegoma, mwenyekiti anamwinamia mhandisi sikioni, vumilia kidogo tu, mhandisi, kinatengenezwa, naye anaitikia kwa kichwa, hotuba mapajani, macho ameyakataza yasiende safu ya tatu nayo yanakwenda hukohuko, kwa baba yake, ndani ya koti lake la kuendea harusi, kiganja kimeshakaa nyuma ya sikio na hakuna aliyesema neno, maskini baba, anasikiliza kimya kizima kisimpite... na hotuba ni nzuri, ndugu zangu, serikali itachangia nusu ya gharama za kujenga mtambo mkubwa, samadi ya ng'ombe wenu itatoa gesi, gesi itasafishwa na kuingia kwenye bomba la mji, na tunajua mtaweza kwa sababu majiko ya majaribio majumbani kwenu yote yanawaka, yote, ameliandika mwenyewe neno hilo, na leo asubuhi alipopita jikoni kwa baba kumsalimu akasogeza birika lililokuwa juu ya jiko la gesi, birika linatoa mvuke, jiko baridi, buibui ametanda kwenye tundu za moto, na nyuma ya banda, chini ya karai, mkaa ungali mwekundu, baba kasimama mlangoni kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni... Tangu lini, baba? Tangu koki ilipoharibika, mama, kidude kidogo tu, nikawapigia simu watu wa mradi, wakasema fungu la kujenga lilikuwepo, la matengenezo halipo. Na wakaguzi wenzangu walipokuja? Si niliwapa chai? Akaangalia viatu vyake. Kazi yenyewe ilikuwa yako, mama, ningekutia aibu mbele ya wakubwa zako?... na magoti yale, Mungu wangu, magoti yale yanayolia kwenye ngazi moja, yalikuwa yanakimbia na birika la moto kutoka uani hadi jikoni kila gari la mradi likipiga honi, ili wageni walikute juu ya gesi, ili binti yake apande cheo, alitaka kucheka pale jikoni, akashindwa, akanywa chai yote... ngoja, na yule mama wa maziwa, safu ya pili, ambaye mwanawe ndiye dereva wa mradi, naye si alitukaribisha chai ya moto kabla hatujakaa, na fundi cherehani, na mjane wa pale kona, kila nyumba chai ilikuwa tayari, tukasifu ukarimu, tukanywa, tukaandika inawaka, hakuna nyumba hata moja ambamo tulingoja maji yachemke... moja mbili, anasema fundi, jaribu waya mwingine, anasema mwenyekiti, na mikono hii yote ikinyooshwa leo kuukubali mpango, mtambo utajengwa, utepe utakatwa, halafu kidude kidogo kitaharibika na mtu ataambiwa kwenye simu fungu hilo halipo, na samadi watakayoleta watu italundikana getini, ila akisema kweli wizara itaurudisha mpango kabatini, labda na yeye pamoja nao, na baba, baba atageukiwa na ukumbi mzima, mzee wa birika... baba amemwona anavyohangaika, anadhani ni woga, anainua kidevu juu kidogo, vile alivyokuwa akifanya kwenye geti la shule siku za mitihani, kichwa juu, mama, na anampenda mzee huyu hadi inauma... hataisoma, anaigeuza hotuba kifudifudi, ataomba fungu la matengenezo liingie kwenye mpango kwanza, kabla ya tofali moja, na kabla ya hapo atawauliza nani kwao jiko limezima, watatazamana, hakuna atakayetaka kuwa wa kwanza, basi atanyoosha mkono yeye, kwetu, atasema hivyo, hatasema kwa baba, kwetu limezima... moja mbili, moja mbili, na kipaza sauti bado kimegoma, na baba bado ameshika sikio.