Kurasa Zilizogandishwa kwa Uji

Mume wangu Idd ni mtu mwema, sitamsingizia. Lakini kwa lile jambo la kitabu, wallahi, mpaka leo nikimtazama namkunjia uso.

Binti yetu Nuha, wa miaka sita, alikuwa afanyiwe upasuaji wa koo hapa Kisumu. Sindano hakuziogopa, alichoogopa ni kuachwa peke yake. Basi Idd akaenda soko la Kibuye, akachakura marundo ya mitumba, akarudi na kitabu cha picha cha mtoto wa tembo anayepelekwa hospitali. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote.

Wiki mbili, kila baada ya chai ya jioni, nilimsomea Nuha. Tembo anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, mama yake kando. Ukigeuza, tembo anaamka, mama yake kando. Ukurasa huo ulikuwa mgumu kidogo, nikadhani ndivyo ulivyotengenezwa.

Nuha akaniuliza kama nami sitamwachia mkono. Nikaapa sitamwachia, mjinga mimi.

Siku ilipofika alilala kitandani akitabasamu, kitabu kifuani. Kwenye mlango mkubwa muuguzi akatuambia kwa upole kwamba mzazi hapiti hapo. Nuha hakulia. Alinitazama tu.

"Mama, kwenye kitabu unaingia."

Muuguzi akambandua vidole mkononi mwangu, akanirudishia kitabu, mlango ukafungwa.

Nikaupapasa ule ukurasa mgumu, nikauchokoa kwa ukucha. Kumbe ndani mlikuwa na picha mbili: tembo anapita mlangoni peke yake, analia, na mama yake ameketi kwenye benchi nje, anamngoja. Nikamgeukia Idd. Akainamisha kichwa, akakiri kwamba alizigandisha kwa uji mzito siku ile ile aliyokinunua. Eti hakutaka mtoto aone machozi.

"Umenifanya mwongo mbele ya mwanangu," nikamwambia. Sikumsemesha tena mpaka Nuha alipotolewa.

Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillahi. Nyumbani nikamwonyesha Nuha zile picha, nikamwomba msamaha, na baba yake pia akamwomba. Aliitazama ile benchi kwa muda mrefu, kisha akaomba maziwa baridi. Nikajua yameisha.

Wapi! Jioni alivitoa vitabu vyake vyote chini ya kitanda, hata vya shule, akaketi navyo mkekani. Akawa anashika ukurasa mmoja mmoja, anausugua kati ya vidole viwili, anauinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anageuza mwingine. Nikamwambia hivyo viko sawa, havijaguswa na mtu.

"Wacha niangalie mwenyewe," akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, wala hakuinua macho.