Wa Mwisho Kwenda Chooni

Niacheni nisimulie mwenyewe, maana rafiki yangu Hajira akishika hii habari anaongeza chumvi mpaka haitambuliki.

Mimi ni Tabea, Mama Enoki, mkazi wa Mjimwema hapa Njombe, na nilizimia barabarani. Ndiyo, nilizimia, sina aibu. Tulikuwa tunapandisha kilima na wenzangu wa klabu ya mbio za Jumamosi, mimi mbele kama kawaida yangu, nimevaa masweta mawili na kitenge juu, baridi ya mwezi wa sita inakata masikio. Kuja kufumbua macho, nimelala majanini, Hajira ananipepea kwa kofia. Yaani mtu unapepewa Njombe, mwezi wa sita.

Nesi Rebeka wa zahanati alinisema mpaka nikawa mdogo. Alisema watu wa huku tunadhani jasho ni la Dar es Salaam. Tunatoka jasho ndani ya masweta, hatulioni, na maji hatuyagusi kwa sababu ni ya baridi. Aliniuliza mara ya mwisho nilikunywa maji lini, nikajaribu kukumbuka, nikaona nampotezea muda. Akasema nikishakimbia ninywe, tena ninywe kitu kinachokaa mwilini, siyo kinachopita tu kikatoka.

Sasa Baba Enoki. Mume wangu Elius ni mzee wa kanisa, maneno yake machache, na akishalitoa neno halirudi. Alinitazama nimelala kitandani, akasema, "Mbio ndiyo basi, Mama Enoki."

Jamani. Miaka yote nimelima viazi, nimelea watoto, nimeimba sauti ya pili kwaya. Kitu changu mimi, changu peke yangu, ni hizo mbio. Nikikimbia najiona msichana tena. Na Jumamosi inayofuata kulikuwa na bonanza la mbio Makambako, nyumbani kwao Hajira. Nililia, nikagoma kupika, nikapika, nikalia tena. Mwishowe akalegea kidogo. Akasema nikimwonyesha hicho kinywaji kinachokaa, akaona kwa macho yake, nitakwenda. Nikishindwa, raba zangu anampelekea dada yake Ludewa.

Aliyepata njia ni Hajira, muuza vitenge, mwenye akili za sokoni. Tukimbie kile kilima, kisha kila mtu anywe jagi zima la kinywaji anachokiamini, tukae kwenye benchi uani kwangu. Atakayekwenda chooni wa mwisho, chake ndicho kimekaa. Elius alifikiri sana, akakubali. Akaweka kiti chake mbele ya mlango wa choo, chupa ya chai pembeni, amevaa koti lake la kanisani. Kwa jinsi alivyokaza uso ungedhani analinda masanduku ya kura.

Mika, kapteni wetu, alileta soda, anasema sukari ndiyo nguvu. Hajira alichanganya maji, sukari na chumvi kidogo, kama tulivyofundishwa kliniki kuwapa watoto wanaoharisha. Mimi nilikamua ng'ombe wangu, nikachemsha maziwa, nikayapooza. Walinicheka sana. Hajira akasema maziwa ni ya ndama na ya kutia kwenye chai, nikamwambia asubiri.

Tukanywa, tukakaa. Jua likatoka, mbwa akaja akatunusa mmoja mmoja. Mika akaanza kutikisa goti, likafuata la pili, halafu akasimama ghafla akaomba njia kwa adabu zote. Tukabaki wawili, na hapo Hajira akaanza vituko vyake. Aliniuliza kama nasikia bomba la jirani linavyochuruzika. Akaniigiza nilivyozimia, mdomo wazi, kofia usoni. Nikacheka, na kucheka kwenye benchi lile ilikuwa hatari tupu. Nikabana miguu, nikauma kitambaa, machozi yananitoka, naye anacheka kwa kuniona ninavyocheka, tumeshikana kama walevi.

Kumbe tumemsahau mlinzi. Elius alikuwa anajimiminia chai tangu tulipoanza, na sasa amekaa wima kupita kiasi, uso umemkauka. Hajira akamwuliza kwa heshima kama shemeji yuko salama. Elius akautazama mlango, akatutazama sisi, akainuka, akaingia chooni na koti lake, akafunga komeo.

Hajira hakuweza tena. Alidondoka kutoka kwenye benchi, akajizoa, akakimbia kugonga mlango, anamsihi mzee wa kanisa afanye haraka. Mimi nimekaa peke yangu, maziwa yametulia. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Elius alipotoka alisema nitakwenda. Nikajua yameisha.

Jumamosi asubuhi aliniaga, akasema ana kikao cha kanisa. Mimi nikapanda gari na wenzangu hadi Makambako. Tulikimbia na wafanyabiashara na madereva, upepo unatusukuma mgongoni, nina furaha mpaka nacheka peke yangu. Nyuma yangu nilisikia viatu vinagonga lami, ko, ko, ko, siyo mlio wa raba. Nikadhani ni dereva amejiunga njiani. Mimi huwa sigeuki.

Nilipofika mwisho uwanjani nikageuka nimpe mkono. Alikuwa Baba Enoki, na koti lake la kanisani na viatu vyake vya kanisani, amelowa jasho, amekumbatia kidumu cha maziwa. Akakaa chini kwenye nyasi.

Nikamwuliza anafanya nini. Alihema kwanza.

"Siku ile unaanguka, mimi nilikuwa nyumbani nakunywa chai," akasema. "Sikutaka uanguke tena na mimi sipo."

Moyo ulinijaa. Alikuwa ananinyooshea kidumu. Nikafungua kifuniko, nikamrudishia mdomoni kwake, nikamshikia kichwa kwa nyuma, nikamwambia aanze yeye. Akanywa karibu yote. Yaliyobaki niliyanywa mimi, palepale kwenye nyasi, tumeegemeana mabega.