Sauti ya Moto wa Alhamisi

Vyungu kumi na vinne kati ya ishirini vilipasuka katika moto wa Alhamisi. Nilisema mbele ya wafinyanzi wenzangu kwamba kosa ni la mkwe wangu Anyitike, mke wa mwanangu Asajile, kwa kuwa ndiye aliyeukanda udongo.

"Hukuondoa mawe," nilimwambia. "Usiuguse tena udongo wangu."

Wiki nzima alimenya ndizi tu.

Brenda, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akichunguza ufinyanzi wetu, alikuwa ameweka waya wa kupimia joto katikati ya vyungu vile. Alituletea karatasi yenye tarakimu mia tatu. Tuliitazama kwa adabu, tukamrudishia. Jumatano akaja na kompyuta. Alikuwa amezigeuza tarakimu kuwa sauti: joto dogo lilisikika zito, joto kubwa likasikika jembamba.

Sisi hukipima chungu kwa kukigonga na kusikiliza, hivyo tulitega masikio. Sauti ilianza chini, ikapanda polepole. Ghafla ikaruka juu kama filimbi.

"Hapo ni dakika ya kumi na mbili ya moto," alisema Brenda. "Kulitokea nini?"

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Ikaruka palepale.

Jirani yangu Neema akaanza kucheka. "Mama Asajile, huyo ni wewe! Si ulitupa matete yote motoni kwa mkupuo, ukakimbilia kwaya?"

"Nilitupa machache."

"Machache! Nyusi zangu ziliungua!"

Matete huongezwa kidogo kidogo, mpaka unyevu uliobaki katika udongo uishe; moto ukiruka kabla ya hapo, chungu hupasuka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Anyitike hivyo. Nikaomba kusikia mara ya tatu.

Anyitike alikuwa mlangoni, kisu mkononi. Nilimwita kwa sauti ya kusikika na wote, kwa kuwa wote walinisikia nikimlaumu.

"Udongo wako haukuwa na kosa. Moto niliuharibu mimi."

"Ndaga, mama," alishukuru, akakiweka kisu chini.

"Kesho utausimamia wewe. Matete nitashika mimi, nikingoja neno lako."

"Na kwaya?" Neema akauliza.

"Imbeni."

Kesho yake nilikaa kando ya moto, matete mapajani. Neema alipita akielekea kanisani, akaniita. Nikamtazama Anyitike.

"Bado, mama," alisema.

Nikaendelea kukaa.