Mahali Pasipo na Mti

Kabla jua halijarudi, rangi yake hutangulia. Huanza chini kabisa, pale maji yanapokutana na mbingu, wekundu mwembamba kama ukucha wa mtoto aliyetoka kuoga. Ukiuona, acha vyombo kwenye karai, kata simu uliyokuwa ukiongea, toka nje. Wiki nenda wiki rudi tumeishi na taa za umeme na buluu ya mchana usio na jua. Leo linarudi Skarvøy, kisiwa chetu cha kaskazini, na mawingu yakituhurumia tutaliona kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Ewe jua, umechelewa. Lakini njoo.

Kilimani, juu ya gati, watoto wa chekechea wako nje tangu asubuhi. Msiwaonee huruma. Kwetu mtoto hulala nje kwenye kigari chake tangu angali mchanga, blanketi la sufu limembana, pua tu imetokeza, na akiamka mashavu ni mekundu na njaa anayo. Hawa ni wakubwa, wana miaka minne, mitano. Sufu ndani, ovaroli juu, glavu zimefungwa kamba zisipotee, na juu ya yote kizibao cha njano chenye kung'aa. Wamechimba mapango kwenye theluji, wamekula mikate yenye ncha zilizoganda, wamekojoa kwa taabu anayoijua mwenye ovaroli peke yake.

"Gunnvor, pua yangu haipo," Odin akasema.

"Ipo. Nimeiona sasa hivi."

"Mbona siisikii?"

"Imenyamaza. Inangoja jua. Na wewe nyamaza."

Gunnvor ndiye mwalimu wao. Alihamia huku vuli iliyopita kutoka bara, nchi ya misitu, ambako ukifungua dirisha unaona miti na ukilifunga unaisikia. Huku hakuna mti hata mmoja unaoota. Upepo wa bahari hauruhusu. Kuna mawe, kuna majani mafupi yaliyolala, kuna vichanja vya kukaushia samaki, basi. Mwenzake wa kazi, Eilif, aliyeacha uvuvi kwa sababu ya magoti, alimpachika jina siku ya kwanza tu. Mtu wa Msituni, akamwita, na watoto wakalidaka.

Naye kwa moyo mweupe akawafundisha alichofundishwa yeye, kitu ambacho watoto wa kwao hukijua kabla hawajajua kufunga viatu. Ukipotea, kumbatia mti. Uchague mmoja uwe wako, uupe jina, ongea nao. Usiuache mpaka mtu aje. Waliyaimba hayo chumbani mvua ikipiga vioo. Wakakata miti ya karatasi ya kijani, wakaibandika ukutani, kila mtoto na wake, wakaukumbatia ukuta huku wakicheka. Tiril ndiye aliyekumbatia kwa nguvu kuliko wote, hata gundi ikamshika shavuni. Ni mtoto wa kushika neno, Tiril. Ukimwambia kaa, anakaa.

Kumbatia mti. Usiuache mpaka mtu aje.

Likatoka.

Ukingo tu wa jua, mwekundu, juu ya maji. Eilif akavua kofia. Watoto wakapiga kelele za kulikaribisha, za kulidai, wengine hata hawakujua wanapigia nini. Chini gatini boti zikapiga honi. Na Gunnvor, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa jua muda mrefu hivyo, akaligeuzia uso, akafumba macho, akaacha mwanga umguse kope. Alikuwa na kiu nalo kuliko alivyojua. Alilia kidogo na hakuona haya. Kwa kitambo hicho hakuna aliyemtazama mwenzake, sote tulitazama kusini.

Jua likazama lilikotoka. Upepo ukaja nyuma yake, kana kwamba ulikuwa ukingoja zamu, ukaiokota theluji chini na kuimwaga hewani. Buluu ikawa kijivu. Gunnvor akapita akigusa kofia za watoto, kichwa kwa kichwa, kama afanyavyo kila mara. Akafika mwisho. Mkono wake ukabaki hewani, hauna kichwa cha kugusa.

"Tiril yuko wapi?"

Mara ya mwisho alionekana nyuma ya mwamba na kibao chake cha kutelezea. Kibao kipo. Eilif akainama kutafuta nyayo, akanyanyuka taratibu.

"Upepo umezila zote," akasema. "Aliteremka upande ule, zaidi ya hapo sijui."

Eilif alikwisha toa simu. Alimpigia Hege, mama yake Tiril, anayeendesha foklifti gatini. Aliongea polepole, kama mtu anayepita juu ya barafu nyembamba.

"Hege, sikiliza. Tiril ametuponyoka hapa kilimani. Lile lundo la ufukoni, la moto wa kulikaribisha jua, liwashe sasa hivi, usingoje jioni. Akiuona moto ataufuata."

Simu ikazima mkononi mwake. Baridi ya huku hula betri, na ya Gunnvor ilikwisha zima tangu asubuhi. Akaitia kifuani kuipasha joto, akamgeukia mwalimu.

"Umewafundisha wakipotea wafanye nini?"

"Wakumbatie mti. Wasibanduke."

Eilif akamtazama. Hakuwa na utani usoni, na hilo ndilo lililomtisha.

"Mti gani, Gunnvor?"

Ee Mungu wangu, mti gani. Ndipo akamwona Tiril moyoni mwake jinsi alivyo, mshika neno, akipita mawe bila kusimama, akipita vichanja bila kusimama, kwa kuwa jiwe si mti na kichanja si mti. Mtoto mwingine angechoka, angekaa chini alie, wangemkuta. Huyu atatembea mpaka apate alichoambiwa. Kwa mafunzo yake mwenyewe, Gunnvor alikuwa amempeleka mtoto mbele, gizani, kutafuta kitu kisichokuwepo.

Anneli, ambaye wakati wote alikuwa akinyonya kamba ya glavu, akaitoa mdomoni.

"Mti wa kwao upo," akasema. "Uko kule chini. Mama yake aliutupa na Tiril akalia."

"Mti upi huo, mpenzi?"

"Wa Krismasi. Ipo yote kule. Ya kwetu pia."

Gunnvor akatazama chini. Kupitia theluji iliyokuwa ikiruka aliona taa za gati, na kando ya taa, ufukoni, doa jeusi. Lundo la moto wa jua. Miti yote iliyoletwa kwa meli mwezi wa Krismasi, ikapambwa, ikavuliwa mapambo, ikatupwa pamoja. Msitu pekee wa Skarvøy. Na Hege alikuwa amekwisha kuambiwa auwashe.

"Shikeni kamba ya msafara," Eilif akawaambia watoto. "Asiiachie mtu. Gunnvor, wewe kimbia."

Akakimbia. Theluji ilimmeza mpaka magotini, akajing'oa, akakimbia. Upepo ulimrudishia mdomoni kila jina aliloita. Tiril. Alianguka kwa mikono, akaona damu haitoki, akakimbia. Tiril, uache mti. Nakuomba, uache. Mara hii moja usinisikilize, kaa kwenye jiwe, lala kwenye theluji, lia njiani, usiwe mtoto mzuri. Uache mti. Uache kabla mtu hajaja.

Kumbe kiberiti ndicho kilichokuwa kinatuokolea mtoto. Hege alikwisha mwaga mafuta ya taa, akawasha, upepo ukazima, akawasha, ukazima. Akatupa kiberiti na kwenda karakana kuchukua kichomeo cha gesi, kile cha kuyeyushia mabomba yaliyoganda. Kile hakizimwi na upepo. Gunnvor alipofika kwenye vichanja alimwona anarudi nacho, ulimi wa buluu unanguruma mbele yake, na uso wa mama anayekwenda kumwashia mwanawe taa.

Gunnvor hakupoteza pumzi kwa kuita. Akapita tu, akasimama kati ya Hege na lundo, mikono ameitandaza.

"Toka hapo," Hege akasema. "Mwanangu yuko nje, hanioni."

"Zima."

"Una wazimu? Wewe ndiye uliyempoteza."

"Ni mimi. Zima, Hege. Yumo humu."

Hege hakuelewa, lakini kidole chake kilielewa. Ulimi wa buluu ukakatika. Wakabaki wanawake wawili na upepo na harufu ya mafuta ya taa. Wakaita, hapakuwa na jibu. Wakaita tena. Kisha Gunnvor akakumbuka alichofundisha, akamshika Hege mkono anyamaze, wakasikiliza.

Ndani kabisa, chini ya matawi, kuna mtu alikuwa akiongea. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayemsimulia mgonjwa. Alikuwa akiueleza mti kwamba leo nyumbani kuna chapati za maji na jamu, kwamba Odin amepoteza pua, kwamba usiogope giza, watakuja, Gunnvor kasema.

Walilibomoa lundo kwa mikono. Ukatokea ukanda wa njano unaong'aa, kisha ovaroli, kisha Tiril mzima, amekumbatia shina la mti mdogo ambao bado ulikuwa na uzi mmoja wa kumetameta. Mafuta yalimlowesha bega. Shavu lake lilibandikwa kwenye gome.

"Uache sasa, Tiril."

"Si ulisema nisiuache mpaka mtu aje?"

"Nimekuja."

Tiril akamtazama vizuri kuhakikisha ni mtu kweli. Akauachia.

"Umechelewa," akasema.

Hege alimchukua, akamfungulia ovaroli, akamweka ndani ya koti lake ngozi kwa ngozi, akakaa kwenye theluji. Akainusa glavu yake mwenyewe. Akakiangalia kichomeo pale chini. Halafu akakisukuma mbali kwa mguu. Gunnvor akasimama mbele yake akingoja atukanwe. Alitaka atukanwe.

"Kesho nitamleta kama kawaida," Hege akasema mwishowe, bila kuinua uso. "Hawezi kufungiwa ndani kwa sababu yetu. Lakini jua likitoka, wewe watazame watoto. Jua tutakutazamia sisi."

Jioni moto uliwashwa baada ya kila tawi kunyanyuliwa na kutikiswa, na hakuna aliyeimba sana. Asubuhi watoto walikuta mti mmoja mdogo umesimikwa kwenye theluji ya uwanja wa chekechea, unanuka mafuta ya taa, una uzi mmoja wa kumetameta. Hakuna aliyejitaja kwamba ameuleta. Alama za magurudumu ya foklifti zilikuja mpaka getini na kugeuza. Gunnvor akawakusanya watoto, akabandua miti ya karatasi ukutani, akawafundisha upya. Ukipotea, simama hapo hapo. Mti ni wewe. Mimi ndiye nitakayekukumbatia.

Saa sita ikafika. Wakapanda kilima, wamekaza sufu, pua zimenyamaza. Eilif akavua kofia. Rangi ikatangulia chini kabisa, kwenye maji, na watoto wakaanza kupiga kelele.

Gunnvor akaligeuzia jua mgongo. Alilisikia tu, joto dogo sana shingoni, ambalo huenda lilikuwa ni kulitamani. Mbele yake nyuso zikawaka moja baada ya nyingine, Odin, Anneli, wadogo wa nyuma, na pembeni kabisa, ameinua mikono kama matawi, Tiril, ambaye hakuwa akilitazama jua wala bahari. Alikuwa akimtazama yeye, kuhakikisha kama anatazama.