Pumzi ya Kasoki

Mashine ya mvuke, ya kutia hewa unyevu, ilinunuliwa mwezi wa sita, ukavu na vumbi la kiangazi vilipoanza kumbana Kasoki kifua. Aliitumia wiki tatu tu, akafariki. Mumewe, Damien, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo akajenga nyumba mtaa wa Golf, hakuizima tena. Mwezi wa nane yeye mwenyewe alianza kukohoa, na binti yake akamwita Albertine, fundi wa mashine hizo.

Albertine alifika saa nne asubuhi. Alipofungua mlango wa chumba, joto lenye maji lilimpiga usoni. Vioo vya madirisha vilitiririka maji. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Alipima chumba: mita nne kwa tano.

"Papa Damien, hii mashine iko mukubwa sana. Banaitengenezaka kwa nyumba muzima, haiko ya chumba kimoja."

"Ni miye nilichagua. Nilizani kubwa njo itamuponyesha." Akainua kidole. "Nyamaza kidogo, mama. Sikia."

Mvuke ulitoka kwa kukatika: kifupi, kifupi, kifupi, halafu mvuto mrefu wenye mluzi mwishoni. Albertine aliinama karibu na mashine. Alikuwa amemuuguza mama yake; pumzi ya namna hiyo aliijua.

"Njo yeye, Kasoki," Damien alisema.

"Ni chokaa, papa. Inaganda mu tanki, inaziba njia ya mvuke. Hamukuisafisha tangu mwezi wa sita?"

"Ningeisafisha namna gani?"

Damien alikaa kitandani. "Siku alikufa, nilikuwa Kasomeno. Camion ya kubeba mali yangu iliharibika, nikabaki kuchunga mizigo. Mizigo, mama! Pumzi yake ya mwisho sikuisikia."

Albertine aliweka mkoba wake wa vifaa sakafuni. Alimwacha asikilize kama robo saa. Kisha akazima, akachomoa waya, akasubiri mashine ipoe, akaibeba hadi barazani pamoja na chupa ya siki na brashi. Damien alimfuata. Akalifungua tanki, akamimina siki, na magamba meupe yakaanza kubanduka.

Ndipo wote wawili wakaisikia pumzi ile, ikitoka chumbani. Kifupi, kifupi, kifupi. Mvuto mrefu.

Albertine aliitazama mashine. Ilikuwa miguuni pake, wazi, waya wake umeviringishwa.

Damien alikwenda hadi mlangoni, asiingie. "Kasoki, nilikuwa mu njia," alisema. "Nilichelewa. Unisamehe."

Mluzi ulianza, ukakatika. Walingoja. Haukurudi. Mzee akaegemea ukuta na kulia kwa sauti, mabega yakimtikisika, na Albertine hakujua kama amshike au amwache. Alimwacha.

Alikwangua chokaa iliyobaki, akasuuza tanki mara mbili. Mashine aliiweka kwenye ukumbi wa kati ili mvuke usambae nyumba nzima, akaitega kwenye unyevu wa asilimia arobaini. Ukuta uoshwe, alisema, madirisha yafunguliwe mchana, tanki lisafishwe kila baada ya wiki mbili. Damien alirudia kila neno taratibu. Mvuke ukatoka laini, bila sauti.

Mteja mwingine alikuwa akimngoja Albertine kule Karavia, lakini mkoba wake wa vifaa ulikuwa umebaki chumbani, na hakuthubutu kuingia kuufuata. Damien aliingia mwenyewe. Alikawia humo. Alipotoka nao alikuwa amefuta uso, akamuuliza kama angekunywa chai kwanza.

"Nitakunywa, papa," Albertine alisema, akakaa.