Mkono wa Kokila

Wiki nzima Kokila, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, alishona bango la kitambaa kwa mkono wake: NGUO YA MWANAMKE SI KOSA. Huko Delhi msichana wa watu alibakwa hadi kufa, na bado wapo waliothubutu kuuliza alikuwa amevaa nini. Swali hilo lilimkera Kokila hadi akakosa usingizi.

Ijumaa mchana waliandamana mtaa wa Marshalltown, katika jiji la ugenini walikohamia, yeye kashika ncha moja ya bango, bintiye Rupal ncha ya pili. Robot, yaani taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu wakasimama; mwanamume mmoja mwenye tai alimkazia Rupal macho kifuani, akacheka.

Mkono wa Kokila ukatoka wenyewe. Haukumnyooshea kidole yule bwana. Ulivuta mtandio wa Rupal ukamfunika kifua, kama ulivyofanya kila asubuhi mlangoni tangu binti avunje ungo.

Rupal akautazama ule mkono.

"Hata hapa, Mama?"

Kokila akauachia mtandio. Aibu ilimwasha uso mzima. Bango lililegea kati yao, maandishi yakajikunja.

Yule mwanamume akavuka barabara akipiga mluzi, hajaambiwa neno na mtu.