Jetoni ya Nkulu

Mwaka 1974 Mbelu alifungiwa siku nne katika ghala la zamani karibu na Mutoshi, na aliyemfungia alikuwa mtu aliyewahi kumbebea kibao cha shule. Utotoni aliitwa Séraphin. Walikulia Dilala, katika nyumba za kampuni, ya tano na ya sita, ukuta mmoja katikati. Jumamosi watoto walipanga foleni ya maziwa ya unga, kila mmoja na kikombe chake cha bati. Séraphin alikuwa akimwachia nafasi yake mbele, kisha anarudi mwisho bila kunung'unika. Mchana saa nane king'ora cha mgodi kililia, na baada ya nusu saa baba zao walitokea barabarani wakiwa wekundu kwa vumbi, wakicheka.

Mwaka 1972 majina ya kizungu yalipigwa marufuku na serikali. Mbelu hakuitwa tena Honorine. Séraphin akachukua jina la babu yake, Mukalay. Wakati huo alikuwa kapita, msimamizi wa machimbo ya chini, na kazi yake kubwa ilikuwa ubao. Kila mchimbaji aliyeshuka alitundika kwenye ubao jetoni yake, kipande cha shaba chenye namba. Zamu yake, au poste kama walivyoiita, ikiisha alipanda, na kapita akamrudishia. Kapita hakuruhusiwa kufunga lango wala kuondoka kabla ubao haujawa mtupu.

Siku moja ya masika Mukalay alikuwa na homa, akautazama ubao vibaya, akafunga. Jetoni moja ilikuwa imebaki. Ilikuwa ya mdogo wake, Nkulu. Maji yaliingia chini, na hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mtu wa kuokoa. Nkulu alizama.

Miaka miwili baadaye, Jumanne mchana, Mukalay alimkuta Mbelu akitoka kufundisha kina mama kushona.

"Mama anakuita. Anagonjwa," alimwambia.

Mama yake Mukalay alikuwa amemsuka Mbelu nywele utoto wake wote. Mbelu alipanda gari bila kuuliza.

Ghala alikopelekwa lilikuwa la mawe, mlango wa chuma. Ukutani kulikuwa na ubao wenye misumari miwili. Kwenye mmoja ilining'inia jetoni ya Nkulu, namba 622. Kwenye wa pili Mukalay alitundika kipande kipya, kilichokwaruzwa jina MBELU.

Kabla jua halijazama Mbelu alikuwa amezungumza na watu watatu, wote ndani ya mwili mmoja. Mukalay alisimama wima, alimwita citoyenne, yaani raia, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Séraphin alikaa chini, alimwita Honorine, na hakujua ufunguo ulipo, ingawa aliukalia. Wa tatu alitetemeka, alimwita yaya, dada mkubwa, kama Nkulu alivyokuwa akimwita, na kuomba blanketi kwa sababu maji yalikuwa yamemfika magotini. Sakafu ilikuwa kavu.

Siku ya pili Mbelu aliacha kulia, akaanza kupima. King'ora cha mgodi kilisikika hadi pale mara tatu kwa siku, na kila kilipolia, Mukalay ndiye aliyekuja. Baada ya muda wengine walirudi. Maji ya kunywa yalikuwa debe moja. Kufikia Ijumaa asubuhi kilibaki kikombe kimoja.

"Honorine, unakumbuka ile siku tuliiba kuku ya Tata Kabeya?" Séraphin aliuliza asubuhi hiyo.

"Kuiba ni weye. Mi nilikula tu."

"Ulikula mapaja yote mbili! Mi ulinibakishia shingo!"

Mbelu alicheka kweli, na kicheko hicho kilimtisha kuliko mlango wa chuma.

"Séraphin, maji imeisha. Fungua mulango."

"Funguo ni ya Kapita. Anasema hakuna mutu anatoka kabla Nkulu apande. Hata maji ikiisha." Aliinamisha kichwa. "Mi namuogopa."

Basi Séraphin hangemsaidia. Aliyebaki ni yule mwenye ufunguo.

King'ora cha saa nane kilipolia, Mbelu alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono ubavuni, kama alivyomwona baba yake akisimama mwisho wa zamu.

"Kapita, poste yangu imeisha. Naomba jetoni."

"Bado, citoyenne."

"Nilishuka Jumanne. Mutu anafanya poste moja, anapanda. Mi nimefanya tisa. Kapita hapa ni nani?"

"Ni mi."

"Basi unabakisha mutu chini. Mara ya pili."

Macho ya Mukalay yalienda kwenye namba 622 yakakaa hapo. Kisha aliishusha jetoni ya Mbelu, akaifuta kwenye shati, akampa kwa mkono wa kulia.

"Citoyenne Mbelu, panda."

Akafungua mlango.

Jetoni ya Nkulu ilikuwa karibu na mkono wa Mbelu. Angeichukua, ubao ungekuwa mtupu, na Mukalay angekuwa huru kumfuata. Aliiacha makusudi. Alitembea hadi barabarani bila kukimbia, kama mtu aliyemaliza zamu, na nyuma yake hapakuwa na hatua. Wanajeshi aliowaarifu walipofika jioni mlango ulikuwa bado wazi. Mukalay alikuwa amesimama kando ya ubao, akingoja.

Mbelu aliwaomba jetoni 622. Walimpa, kwao ilikuwa shaba tu. Aliitunza miaka sita katika droo ya cherehani. Kila siku saa nane king'ora kililia, na kila mara aliona vikombe vya bati kwanza, ndipo akaona ghala.

Mwaka 1980 alisafiri hadi hospitali ya Lubumbashi alikowekwa Mukalay. Alimkuta kwenye benchi, amekonda, mvi zimeanza. Mbelu aliiweka jetoni kiganjani mwake.

"Kapita, Nkulu amepanda."

Mukalay aliisoma namba kwa kidole, taratibu.

"Na weye?"

Mbelu akamwonyesha yake.

"Ubao ni mutupu?"

"Mutupu."

Mukalay alipitisha mkono kichwani, kama anayevua kofia ya kazi. Kisha akasogea mwisho wa benchi, akamwachia nafasi.

"Honorine," alisema, "foleni ya maziwa ni murefu leo. Pita mbele."